Shangazi Hakujitoa

Siku ya tatu ya matanga ya shangazi yangu Zuwena nilikuwa jikoni kwake, Ghubra, huku Uarabuni, nikijaza kahawa kwenye chupa za chai. Jiko lile lina kidirisha cha kupitishia vyakula kinachotazama chumba cha wageni wanaume, na kwa miaka yote niliyoijua nyumba hiyo hakuna siri iliyowahi kusemwa chumbani bila ya kuishia jikoni. Nikamsikia Ami Seif, kaka yake mkubwa, akiwaambia wageni kwa Kiarabu chake kilichonyooka kwamba marehemu alikuwa mtu wa kheri, na kwamba mnakumbuka mwaka ule alitaka kugombea kiti cha baraza, lakini alipoona maslahi ya jamaa alijitoa kwa heshima zake, hakutaka kuvunja umoja. Wageni wakaitikia, Mungu amrehemu. Nikaiweka chupa chini. Ami Seif amepita miaka sabini, sikio moja halisikii vizuri, na sisemi kwamba alikusudia kudanganya, kwa sababu watu wakiishi sana na jambo linalowauma hulisugua mpaka likawa laini. Lakini mimi nilikuwepo. Nilikuwepo, na mkono wangu umo katika jambo hilo zaidi ya mara moja, na nikinyamaza leo basi kesho wajukuu watafundishwa kwamba Zuwena alikuwa mwanamke mpole aliyejua kukaa pembeni. Shangazi yangu hakujitoa. Hilo naliandika juu kabisa ili msomaji asije akasubiri mwisho kulijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu mwaka huo. Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi, nakaa kwa shangazi kwa sababu Bibi, mama yao yeye na Ami Seif, alikuwa anakaa pale na alihitaji mtu wa kumsomea maandishi ya vidonge vyake. Shangazi alikuwa mwalimu wa hesabu, mjane, mwembamba, mwenye mazoea ya kugonga kidole mezani mtu anapozungumza upuuzi. Asubuhi tulikula mkate wa ufuta na chai ya maziwa, tumekaa chini juu ya busati, na Kiswahili na Kiarabu vikipishana vinywani mwetu bila ya mtu kujua kimoja kimeanza wapi. Aliyetupikia ni Anastazia, mwanamke wa Mwanza, Mkristo, mama wa watoto wawili aliowaacha kwa dada yake. Yeye alikula jikoni peke yake, kwenye meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, na kila alipokata tonge tulisikia meza ile ikigonga sakafu. Kwa miaka mitatu niliusikia mgongano huo wa meza kila siku, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu anakula peke yake katika nyumba ya wanawake wanne.

Mwaka ule ndio tulioambiwa kwamba kila raia aliyetimiza miaka ishirini na moja anaweza kupiga kura. Kabla ya hapo waliopiga ni watu walioteuliwa tu, na katika mtaa wetu hatukuwa miongoni mwao. Shangazi alisubiri tumalize chai, akasema kwamba amekwenda kuandikisha jina lake, atagombea. Hakuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, wengine walishamtangulia, lakini katika jamaa zetu alikuwa wa kwanza. Alitaka jambo moja. Alikuwa amewaona walimu vijana wakiacha kazi mmoja baada ya mwengine kila wanapozaa, na alitaka kila skuli na kila ofisi ya serikali iwe na chumba cha watoto wachanga. Anastazia, aliyekuwa akipitisha sahani kidirishani, akafurahi kwa sauti: "Mama anagombea! Basi watampigia kula mpaka basi!" Tukaangua kicheko, mimi na Bibi na shangazi mwenyewe. Neno hilo lilikuwa mchezo wetu wa siku nyingi, maana Anastazia, kama watu wengi wa kwao, hakuwa akizitenganisha r na l. "Kula utakula wewe, Anastazia," nikamwambia, na Bibi akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Naye akacheka, akachukua sahani zake.

Kicheko cha Bibi kilikatika ghafla alipofahamu kwamba Zuwena hatanii. "Kura?" akasema. "Zuwena, mie kura nazijua. Nlisimama foleni Unguja na baibui langu tangu alfajiri, nkapiga. Nikapiga tena. Halafu yakawa yale yaliyokuwa, nkafunga khanga mbili na picha ya baba yenu. Mara hii tena?" Shangazi akamwambia kwamba hapa si kule. "Watu ni wale wale," Bibi akasema. "Ukiwauliza nani wanamtaka, ndipo wanapojua nani hawamtaki." Nimelifikiria sana neno hilo tangu wakati huo.

Kampeni, kama inafaa kuitwa hivyo, ilikuwa kahawa. Hapakuwa na mabango wala mikutano; mgombea alikwenda nyumba kwa nyumba, akakaa, akala halwa, akasema neno lake, akapuliziwa udi, akaondoka. Shangazi alikuja nchi hii akiwa mtu mzima, na Kiarabu chake kilikuwa cha kununulia samaki na kuwagombeza wanafunzi. Hotuba ilitaka Kiarabu cha skuli, na mimi ndiye niliyekuwa nacho. Tukakaa siku nzima yeye akisema kwa Kiswahili na mimi nikiandika kwa Kiarabu. Ilikuwa hotuba fupi, nzuri, na hata leo naiona hivyo, isipokuwa mstari wa mwisho. Alisema: "Malizia, nipeni kura zenu." Nikaandika: a'tuni qur'atkum. Nilipiga nukta, nikapuliza wino.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja tutakayemwita Umm Khalfan, mke wa mtu mzito. Chumba kilikuwa kirefu, mito ukuta mpaka ukuta, wanawake wamejaa, sahani za matunda zimefunikwa kwa nailoni. Shangazi alisoma vizuri kupita nilivyotarajia. Alipofika kwenye chumba cha watoto niliwaona wanawake watatu vijana wakitazamana. Kisha akafika mstari wa mwisho, akainua uso, akausema kwa moyo wake wote. Msichana mmoja akauliza, "Qur'a mo?" Kura ya nini? Na mwengine akajibu kitu nisichokisikia, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Nieleze, kwa wasiojua. Kwa Kiarabu qur'a ni ule mchezo wa kuchomoa vikaratasi ili ijulikane nani kabahatika. Kile kinachopigwa katika uchaguzi wanakiita sawt. Sisi maneno yote mawili tuliyachukua kwao zamani, tukayabeba ng'ambo ya bahari, hili tukaliita kura na lile tukaliita sauti, tukayapa kazi tuliyoitaka sisi, na sasa tumerudi nayo. Kwa hiyo shangazi yangu, mbele ya wake wa wakubwa, alikuwa amewaomba vikaratasi vyao vya bahati nasibu. "Wazanjibari hawa!" nikamsikia mama mmoja nyuma ya mkono wake. "Juzi wameshuka melini, leo wanataka baraza kwa bahati nasibu." Shangazi alilisikia. Alikunja karatasi, akamaliza kahawa yake, akatikisa kikombe kama desturi kuonyesha kwamba ametosheka, akaaga.

Ndani ya gari alinigeukia tulipofika taa za barabarani. "Neno lile umeliandika wewe," akasema.

"Mimi, shangazi."

"Hukulijua?"

"Nlilijua," nikasema, na ilikuwa kweli, na ndiyo maana niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nililijua neno sawt, nimelisoma magazetini. Lakini mazungumzo yote ya uchaguzi niliyowahi kuyasikia maishani mwangu nimeyasikia kwa Bibi, kwa Kiswahili. Skuli hatukufundishwa mambo hayo, wala rafiki zangu hawakuyazungumza. Mkono uliandika kile ambacho sikio lilikuwa linakijua. Shangazi akasema, "Haya," akaongeza baridi ya gari, akaendesha.

Haikupita wiki, kichekesho kilikuwa kimezunguka mpaka Khuwair, kwenye maofisi. Ijumaa Ami Seif akaja kula. Nieleze kidogo kuhusu yeye, maana nisingependa mtu amwone adui. Alikuwa afisa wizarani, kanzu yake imepigwa pasi kama karatasi, kilemba kimekaa pale pale kinapotakiwa. Ofisini simu ya Kiswahili hakuijibu. Alisema "baadaye" kwa Kiarabu, akakata. Jina la kabila tulikuwa nalo kama wenzetu, lile lile, ila tulikuwa ndugu wa kabila wakati wa uchaguzi na Wazanzibari wakati wa harusi. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, mikono ikanawishwa. Kisha wao wakabaki chumbani, mimi na Anastazia tukawa jikoni na masufuria, na kidirisha kikafanya kazi yake.

"Wananicheka, Zuwena," Ami Seif akasema. "Miaka thalathini nimejifunza kusema kama wao, kukaa kama wao, kukohoa kama wao. Umenivua nguo kwa neno moja."

"Neno nimelisema mie. Wewe wanakuchekea nini?"

"Usijifanye hufahamu. Sheikh wetu wa kabila kashasema sote twende kwa mtu mmoja, na mtu tushampata. Jitoe. Andika barua, sema afya."

"Mie si kabila?"

"Wewe mwanamke, tena wa Kizanzibari. Hawatokupa, dada yangu. Hawatokupa!"

"Basi wasinipe," akasema, na nikasikia kidole chake kikigonga meza. "Lakini waninyime kwa mikono yao wenyewe. Mie niwasaidie kwa nini?"

Hapo ndipo Bibi alipoingilia, na Bibi hakugombana, alilia. Alimwomba Zuwena kwa maziwa aliyomnyonyesha ajitoe, kwamba yeye hana tena miguu ya kukimbilia nchi nyengine. Nilisubiri kidole cha shangazi kigonge meza, hakikugonga. Ami Seif akaja mlangoni mwa jiko akaniita. "Asila, wewe una hati nzuri. Andika barua ya kujitoa, shangazi yako atie sahihi. Kesho asubuhi naipeleka mwenyewe. Na ile kazi yako n'taimaliza wiki hii hii." Alisema yote mawili kwa pumzi moja, nami nikayasikia yote mawili.

Niliiandika. Sijifichi. Nilikaa kwenye meza ya jikoni yenye mguu mfupi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, nikaandika ukurasa mmoja wa Kiarabu safi kuliko chochote nilichowahi kuandika chuoni, huku nikiishika meza kwa kiwiko isiyumbe. Nilijiambia namwokoa na aibu niliyomtia mwenyewe. Nilijiambia Bibi mzee. Kazi sikujiambia, lakini ilikuwepo. Ami Seif akaenda msikitini, na shangazi akaja jikoni, akakaa, akaisoma barua kutoka juu mpaka chini. "Safari hii hakuna kosa hata moja," akasema, na lau angenipiga kofi ningeona nafuu. Akaniomba kalamu. Nikampa. Akaushusha mkono kwenye karatasi, na nikaiona ncha ya kalamu imegusa.

"Mama, samahani," Anastazia akasema. Alikuwa kwenye sinki, ametupa mgongo. "Ni kwa ajili ya lile neno tu?"

"Neno lipi?"

"Lile la kula." Hakugeuka. "Walikucheka siku moja, mama. Mimi hapa mnanicheka miaka mitatu kwa neno hilohilo. Kila siku ya Mungu. Na sijaludi Mwanza."

Sidhani kama alikusudia kusema sana. Alisema kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, akafungulia maji, akaendelea na sufuria. Mimi nilitazama sakafu. Shangazi aliinua kalamu kwenye karatasi. "Tumekucheka," akasema, na sikujua kama anauliza au anakiri. "Tangu siku ya kwanza, mama," Anastazia akasema, "ila nilizoea," na shangazi akasema haraka, karibu kwa hasira, "Usizoee!" Akaiweka kalamu. Akaikunja barua mara mbili, mara nne, mara nane, akainama, akanyanyua meza kidogo, akaisukuma chini ya ule mguu mfupi. Akaijaribu meza kwa kiganja. Haikuyumba. "Vuta kiti," akamwambia Anastazia. "Njoo ule, chakula kinapoa. Na wewe Asila, chukua kiti." Tulikula samaki wa kupaka kwa mara ya pili siku ile, watatu, tumebanana. Nilikuwa na shibe na aibu kwa pamoja, na nilikula.

Ami Seif aliporudi akakuta hakuna barua, alisimama uani akasema maneno ambayo sitayaandika. Kazi ile sikuipata, kwa wale mtakaouliza. Bibi akasusa kuzungumza na shangazi. Chumvi aliiomba kupitia kwangu. Na shangazi, siku tatu baadaye, akavaa abaya lake, akaniambia niingie garini, akaenda moja kwa moja kwa Umm Khalfan bila ya kualikwa. Sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo na sijaona tena. Chumba kilikuwa na wanawake kiasi ya kumi. Walipomwona, midomo ilianza kutafuna kicheko. Hakuwa na karatasi. Alisema kwa Kiarabu chake mwenyewe, kile cha sokoni, akichanganya mwanamume na mwanamke, na kila alipokosea hakurudi nyuma kusahihisha. Akasema: mlinicheka kwa qur'a. Haya, niambieni, nani kati yenu anajua tayari mumewe kampangia ampe nani sauti yake? Wawili wakavuta shela zao mbele. Akasema: basi hiyo si sauti yako, ni ya kwake, wewe unamchukulia tu kama mkoba. Kura ya kuchomoa vikaratasi ina haki kuliko hiyo, angalau kikaratasi hakijui wewe mke wa nani. Ndiyo maana nimewaomba qur'a. Naomba tena. Umm Khalfan alikuwa amekauka uso. Lakini mama mkwe wake, bibi kizee aliyekuwa kwenye kona na barakoa yake, akaanza kucheka polepole, tumbo likitikisika, akapiga mto kwa mkono na kuagiza mgeni aletewe kahawa. Tulikaa mpaka adhuhuri. Waliuliza kuhusu chumba cha watoto. Wawili waliuliza kwa hasira, wakipinga, na shangazi alifurahi nao hao kuliko wote, maana alisema anayebishana nawe angalau kakusikiliza.

Siku ya kupiga kura niliamka nikamkuta Bibi amekaa karibu na mlango, baibui mwilini, mkoba mapajani, viatu vya kutokea miguuni. "Nipelekeni," akasema. Nilimuuliza si anaogopa. "Naogopa. Nani kakwambia siogopi?" Hakumtazama shangazi, ila alipokuwa anaingia garini aliushika mkono wake. Kituo kilikuwa skuli, upande wa wanawake mlango wa nyuma, darasa lenye michoro ya watoto ukutani. Msichana aliyegawa karatasi za kura alikuwa na adabu zake. Akamwona Bibi macho hayaoni vizuri na kusoma hajui, akamwinamia na kumuuliza kwa upole, kama wanavyouliza huku, "Sawtish hal man, yumma?" Yaani kura yako ya nani, mama. Bibi akanigeukia. "Anataka sauti yangu?" Kabla sijafungua mdomo, Bibi akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akajinyoosha mgongo ambao sikuwahi kuuona umenyooka, akaitoa sauti yake. "ZUWENA!" Darasa zima likageuka. Foleni iliyokuwa nje ikachungulia dirishani. Msichana akaruka, "La, la, yumma, ni siri!" nami nikamtafsiria Bibi kwa kigugumizi, siri Bibi, ni siri. "Siri nimekaa nayo miaka arubaini," akasema Bibi, bado kwa ile sauti ya juu. "Khalas. Mwambie aandike."

Shangazi alishindwa, na alishindwa vibaya. Alikula chakula cha mchana kama kawaida jikoni, na Anastazia kando yake. Ami Seif alipopiga simu kumpa pole akamjibu, "Wameninyima kwa mikono yao, kaka. Nimeridhika," na kesho yake akaenda kufundisha hesabu. Baada ya muda walimu wa skuli yake walihamisha ramani kutoka stoo, wakatia busati na vitanda viwili vya watoto, bila ya ruhusa ya mtu, na hadi nilipoanza kufundisha pale mwenyewe chumba kile kilikuwa kinaitwa cha ramani na kilikuwa kimejaa nepi. Wanangu wawili wamelala humo. Siku hizi tunapiga kura kwa simu, mtu amejilaza kitandani, na watoto wangu wananiuliza kulikuwa na shida gani. Nawaambia walale, lakini kwa kweli sijui nianzie wapi. Shida yenyewe haijaenda mbali. Juzi tu nimemsikia mpwa wangu akimwiga dada anayefanya kazi kwao anavyosema Kiswahili, na mezani wote wakacheka, nami nikagonga kidole.

Kwa hiyo siku ya tatu ya matanga, baada ya kusikia kidirishani yale niliyoyasikia, nilipiga magoti jikoni kwa shangazi nikiwa na miaka inayoelekea hamsini, nikanyanyua ile meza. Ilikuwepo. Anastazia, kabla ya kurudi kwao, alikuwa akiivalisha nailoni mpya kila ilipochanika ili maji ya kupigia deki yasiingie; ndiye aliyeniambia, katika ujumbe wa sauti alioutuma siku aliposikia msiba, akilia na kusema mama yake hakushindwa, mama alipigiwa kula. Nikaifungua mikunjo minane. Wino ulikuwa umefifia kwenye mikunjo tu. Nikamwomba kijana amwite Ami Seif ukumbini mara moja, akaja na fimbo yake, akatafuta miwani, akaisoma barua yote amesimama, midomo ikitembea.

"Hati yako," akasema.

"Yangu, ami."

Akafika chini. Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma, akairudisha mbele. Palikuwa na kitone kimoja cha wino, pale kalamu ilipogusa. "Mbona haina sahihi?"

"Ndiyo hivyo, ami," nikasema. "Haina."

Nilidhani atagomba na nilikuwa tayari, nilikuwa nimejitayarisha miaka ishirini na kitu. Akanirudishia barua, akapangusa macho chini ya miwani, akarudi kwa wageni wake, fimbo ikigonga. Nikaingia jikoni nikasimama kwenye kidirisha. Nilimsikia akikaa, akikohoa. Chumbani walikuwemo watu wa wizarani, watu wa kabila, vijana wasiojua neno moja la Kiswahili. Na Ami Seif, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuijibu simu ya Kiswahili mbele yao, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri:

"Nlikwambieni kajitoa. Sivyo. Tulimtaka ajitoe, akakataa."

Mtu mmoja akauliza kwa Kiarabu, kasemaje mzee? Nikaikunja barua mara nane, nikaivalisha nailoni yake, nikairudisha chini ya mguu wa meza, na nikaijaribu kwa kiganja kabla ya kupanga juu yake vikombe vya kahawa.